Aliyesimama Juu ya Washairi

Midomo ndiyo iliyoanza. Mchoraji Oswin Garrow aliipaka rangi ya waridi jioni, asubuhi akaikuta imegeuka buluu. Akadhani ni unyevunyevu wa London, akaipaka tena. Ikageuka tena.

Picha yenyewe ilijaza ukuta: washairi wa kale wa Uingereza wamepangana kwenye ngazi, ndevu tupu, utadhani maonyesho ya mbuzi, na juu yao mwanamke wa nguo nyeupe, ndiye Ushairi wenyewe, ameinua taji la majani. Maktaba moja kubwa ilikuwa ikiisubiri. Sura ya mwanamke huyo ni ya Lettice, binti wa Oswin, tuliyemzika kipupwe kilichopita. Mtaa mzima ulijua kilichomuua, ila tulinong'ona tu: baba hakuwasha jiko, masizi yasije yakashika rangi mbichi, na mtoto akasimama pale akichorwa siku nzima na kigauni chepesi kama ganda la kitunguu.

Kisha picha ikaanza kukohoa, mchana kweupe, kikohozi kikavu, na chumba kikanuka dawa ya kifua.

Mkewe Oswin, Tamsin, akamleta kasisi.

"Mtoe," Oswin akamnong'oneza kasisi. "Wiki hii wanakuja kuichukua."

"Unamfukuza mwanao?" Tamsin akasema. "Si uwafukuze hao wazee wako wenye ndevu."

"Polepole, Mama Lettice. Atasikia."

"Na asikie. Alipokuwa hai wewe ulimsikia?"

Kasisi akasoma sala, na kadiri alivyosoma ndivyo baridi ilivyozidi, hadi pumzi zao zikatoka kama moshi, na mkono ule ulioinua taji ukaanza kutikisika, kidogo kidogo, kama mkono wa mtu aliyechoka kupita kiasi lakini hathubutu kuushusha, na midomo ya buluu ikafunguka.

"Baba, bado?"

Oswin akaanguka magotini. Anayesimama mbele ya mchoraji hashuki mpaka aambiwe, na siku ile Lettice alizimia kabla ya kuambiwa.

"Mwambie," Tamsin akasema.

"Nikimwambia ataondoka. Sina sura yake mahali pengine."

"Amechoka, Oswin. Mwambie."

Oswin akalia mpaka kasisi akageuza uso. Mwishowe akasema, "Shuka, mwanangu. Pumzika."

Miguu mitupu ikasikika sakafuni, ikienda mlangoni taratibu. Kwenye picha, washairi wote walibaki wakitazama juu, pasipo mtu. Tamsin akavua mtandio wake, akazifuata zile nyayo mbio, akaurusha hewani mbele yake.

Mtandio haukuanguka. Ulisimama kitambo, umepata mabega, na mama akayakumbatia kwa nguvu zake zote. Kisha mikono yake ikakutana kifuani pake mwenyewe.