Moyo Usioruka Pigo

Cheka, Fredy. Cheka umalize, usije ukanikatiza katikati. Wewe umesoma mpaka chuo, mimi niliishia darasa la saba hapa hapa Bukima, lakini hiyo saa iliyofungwa kitambaa hapo mezani uliileta wewe, na hujakaa nayo hata siku moja. Leo kaa. Na usiifungue.

Mwanangu Apolinary alikuwaga na moyo mbovu. Akivuta mtumbwi mchangani, anashika kifua. Ndiyo ukamvalisha hiyo saa, ukamfundisha: akae kimya, aweke kidole cha mkono wa pili kwenye kile kichuma cha pembeni, ahesabu mpaka thelathini. Saa iandike umeme wa moyo wake, mstari uonekane kwenye simu hapa, na wewe uupate hospitalini kwako Musoma. Mkewe Hyasinta ndiye alikuwaga anamsimamia. Tukazoea kuvitazama vile vilima. Vinne vimepangana, cha tano hakipo. Vinne, pengo. Vinne, pengo. Nyumba nzima ilijua moyo wa Apolinary unaruka pigo la tano, kama mtu anavyojua mlango wake unaokwaruza.

Mwezi wa tatu ziwa lilimchukua, kule mbele ya Murangi. Likamrudisha siku ya tatu, saa ikiwa mkononi. Sisi, kilichozama na mtu kinatupwa majini kabla kaburi halijafukiwa. Kila mke wa mvuvi anajua. Hyasinta anajua. Lakini wakati wa kumwosha mumewe aliivua, akaificha kifuani.

"Mama, moyo wake umo humu," aliniambia nilipomkamata nayo. "Nitautupaje?"

Nikamwachia. Kosa langu ni hilo, sina lingine.

Wiki ya pili, saa saba mchana, tuko uani tunachambua dagaa, saa imetundikwa msumarini ndani. Simu ikalia. Mstari mpya umeingia, wa siku hiyo hiyo. Tukaenda kutazama. Ukuta chini ya msumari umelowa, chumba kinanuka tope la samaki kamongo. Na wewe, msiba hujausikia, ukatuma ujumbe: "Hongera Apolinary, moyo umetulia." Mtu ana wiki mbili kaburini, wewe unampa hongera.

Hyasinta hakuogopa, na hilo ndilo lililoniogopesha. Aliivaa, hakuivua tena. Kila saa saba mchana anajifungia chumbani, namsikia ananong'ona, "Ongeza baba, ongeza kidogo," na kila akitoka amepungua, midomo rangi ya majivu, vidole vya baridi kama vimetolewa majini, na kwenye simu mistari imekuwa miwili, wa kwake unazidi kulala chini na ule mwingine unazidi kupanda, na lile tope sasa linanuka kwenye nywele zake, kwenye unga, kwenye maji ya kunywa, mpaka katekista aliyekuja kumwombea akafika kizingitini, akaziba pua, akakumbuka ana safari ya Bunda.

"Anarudi, Mama." Hata kikombe alikuwa hawezi kushika. "Tazama anavyopiga."

Nikachukua simu. Kusoma nasoma pole pole, kuhesabu nahesabu haraka. Vinne. Vitano. Sita. Saba. Nilifika mia, hakuna pengo.

"Hyasinta, mume wako alikuwaga anaruka la tano."

"Amepona."

"Maiti haiponi, mwanangu. Hiki kimejifunza kupiga. Kuruka hakijui."

Akatazama. Akahesabu kwa midomo. Ndipo akapiga yowe, na mkanda wa saa ukambana mpaka nyama ikavimba huku na huku.

Mganga, Mzee Nyamhanga, alikuja kwa bodaboda kutoka Butiama. Alifukiza dawa zake mpaka mkanda ukalegea, akaifunga saa kwenye kitambaa.

"Jini la maji," akasema chini chini. "Mngeitupa mapema lingerudi nayo. Sasa limeshaonja mtu, ziwani haliendi. Mpaka Jumapili lipate mkono mwingine, ujipeleke wenyewe bila kulazimishwa. Lisipopata, linamrudia huyu."

Hyasinta huyo chumba cha pili, umemsikia anakohoa. Leo ndiyo ameweza kunywa uji. Na leo ni Jumamosi.

Unasemaje? Hitilafu ya mashine? Unyevu umeingia? Nimesema usifungue, unafungua. Nimesema usivae, unavaa.

"Nikuonyeshe tu, Bibi. Hizi zinashikaga mapigo ya ovyo."

Haya. Nimekulazimisha?

"Hapana, Bibi, jamani!"

Sema kwa sauti, hata ukuta usikie.

"Hujanilazimisha!"

Basi weka kidole. Kaa kimya, hesabu mpaka thelathini, kama ulivyomfundisha mwanangu. Mkono umelowa? Hesabu tu. Mistari mingapi? Usiniambie mimi, mgonjwa wangu anataka uji.

Huu mlango unakwaruza. Naurudishia.