Merle Aomba Radhi kwa Jina Lake

Merle Eisnor alikuwa mtu wa kuomba radhi. Akijigonga mlangoni, aliuomba mlango radhi. Paka akimkanyaga, alimwambia, "Samahani, mguu wangu ulikuwa njiani." Watu wa mji wake, Lunenburg huko Kanada, wote wana adabu, lakini ya Merle ilikuwa imepitiliza, na hakuna daktari aliyeijulia dawa.

Yeye na mkewe, Thelma, walitengeneza kabichi chachu. Kila vuli waliikatakata kabichi, wakaitia chumvi, wakaishindilia kwenye mapipa na kuiacha ichache. Banda lao lilinuka hata nzi wakawa wanaingia kwa kusitasita. Kabichi yenyewe, hata hivyo, ilikuwa tamu. Wateja kutoka majimbo yote ya Kanada waliiagiza kupitia tovuti yao. Jina la tovuti hiyo lilikuwa Eisnor, jina la ukoo, basi. Merle alilisajili mwaka ule binti yao alipoanza shule, na sasa binti huyo alikuwa na watoto wake.

Asubuhi moja Merle alifungua baruapepe, akapauka kama kabichi.

"Thelma, tumeiba jina la watu!"

"Jina gani?"

"Letu."

Barua ilitoka kwa wakili wa kampuni ya magodoro ya mji wa mbali. Kampuni hiyo nayo iliitwa Eisnor. Ilikuwa na umri wa miaka mitatu, na mmiliki wake alilichagua jina hilo kwa sababu kila akilitamka alipiga miayo. Wakili aliandika kwa ukali: tovuti inatumia jina letu, tukabidhini mara moja.

"Itupe huko," Thelma alisema, akaenda kukata kabichi.

Merle hakuweza. Kumnyamazia mtu aliyekuandikia ni ufidhuli. Akaketi, akaandika: "Ndugu Wakili, samahani sana kwa usumbufu. Samahani kwamba jina lenu liko kwetu. Sikukusudia." Kisha akamtumia chupa ya kabichi, ile ya pipa zuri. Hakumwambia mkewe.

Wiki chache baadaye ilikuja barua nyingine. Hii ilitoka kwenye kituo kinachoamua migogoro ya majina ya tovuti. Kampuni ya magodoro ilikuwa imelalamika rasmi, ikitaka ipewe jina. Kielelezo cha kwanza kilikuwa barua ya Merle, kila "samahani" imepigiwa mstari mwekundu. "Amekiri," wakili aliandika. Kielelezo cha pili kilikuwa picha ya chupa ya kabichi. "Na alijaribu kutuhonga."

"Merle!" Thelma alipiga kelele, kisu cha kabichi mkononi. "Umetuuza kwa chupa moja!"

"Samahani."

"Koma! Usilitamke tena neno hilo humu ndani! Wakilichukua jina, mteja wa Winnipeg ataagiza kabichi aletewe godoro. Na sisi tutakula nini? Adabu?"

Akavuka ua kumwita jirani yao, Odetta Knickle. Odetta alikuwa katika chama cha watumiaji wa mtandao. Aliketi mbele ya kompyuta kujadili kanuni za mtandao na watu wa nchi nyingi, juu amevaa blauzi ya heshima, chini suruali ya kulalia. Mtaa mzima ulijua, maana yeye mwenyewe aliutangazia.

Odetta alisoma barua huku akila andazi la Thelma.

"Mtandao una mwenyewe?" Merle aliuliza kwa woga.

"Hauna mwenyewe mmoja, jirani. Ndiyo maana tunakutana. Serikali zipo, kampuni zipo, mafundi wapo, na sisi tunaoutumia tupo. Tukibaki nje, kanuni zitaandikwa na wauza magodoro."

"Na kanuni zinasemaje?"

"Zinasema anayelitaka jina lako lazima athibitishe mambo matatu. Yote, siyo moja. La kwanza, jina lako linafanana na alama yake ya biashara."

"Linafanana kabisa. Sama..."

Thelma alimziba mdomo kwa andazi.

"La pili, huna haki nalo wala sababu halali ya kulitumia. Haya, unaitwa nani?"

"Merle Eisnor."

"Unauza nini humo?"

"Kabichi ya Eisnor."

"Basi la pili limekufa. La tatu, ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Ulipolisajili, kampuni yao ilikuwa wapi?"

"Haikuwepo."

"Utamwibiaje mtu ambaye hajazaliwa?"

Thelma alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Merle bado alikunja uso. "Na barua yangu?"

"Tutaieleza. Hatari kubwa ni kunyamaza. Una siku ishirini za kujibu. Watu wengi huogopa, wakafunga kompyuta, mwamuzi akasikia upande mmoja tu. Nawe hulipi ada. Wao ndio waliolalamika na kuomba mwamuzi mmoja, kwa hiyo ada ni yao."

Wakaanza kazi. Walikusanya cheti cha kuzaliwa cha Merle, vibandiko vya chupa za zamani, picha ya babu yake amekalia pipa lenye jina, na risiti za usajili. Odetta akawazungukia majirani awaombe maelezo ya maandishi. Daktari wa meno aliandika: "Aliniomba radhi kwa jino lake bovu, nami ndiye niliyekuwa nikimuumiza." Odetta mwenyewe aliandika: "Nilimgonga kwa gari. Aliniomba radhi mimi, kisha gari."

Odetta alitazama pia akaunti ya usajili, akashika kichwa. "Anwani hii ya baruapepe mliiacha lini? Taarifa ya kulipia jina upya ikija, ataisoma nani? Jina lingekuponyoka hata bila wakili!" Wakaweka anwani mpya. Wakawasha kufuli la msajili, ili jina lisihamishwe bila ruhusa yao. Nenosiri la Merle lilikuwa "samahani". Wakalibadilisha.

Jibu lilitumwa kabla ya siku ishirini kwisha. Uamuzi ulipofika, Thelma aliusoma kwa sauti bandani. Malalamiko yalikataliwa. Mwamuzi alisema barua ya Merle ilionyesha adabu tu, haikukiri kosa lolote. Aliongeza kwamba kampuni ndiyo iliyokuja kwa nia mbaya, ikitaka kumnyang'anya mtu jina lake kwa kisingizio cha kanuni.

Siku chache baadaye wakili aliandika tena, safari hii kwa upole. Je, wangekubali kuliuza jina? Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, aliuliza kama ile kabichi bado ipo.

Merle aliketi kujibu. Thelma alisimama nyuma yake, mikono kiunoni. Merle aliandika "Sam", akakohoa, akafuta. Jasho lilimtoka. Kisha akaandika:

"Ndugu Wakili, jina hatuuzi. Kabichi ipo."

Akatuma. Akaruka kwa furaha, akaligonga pipa.

"Samahani," aliliambia pipa.

"Hilo ruhusa," Thelma alisema. "Pipa halina wakili."