Buti Lisilombana Vinko

"Linakubana wapi?"

"Halinibani popote."

"Vidoleni?"

"Safi."

"Kisigino kinapanda ukikunja goti?"

"Zdenka, nimekwambia safi. Nifungie twende tukale, njaa inaniua."

Hilo lilikuwa buti la nne asubuhi ile, na kwa Vinko yote manne yalikuwa safi. Mimi nina miaka ishirini na mbili nauza mabuti magumu hapa Zreče, chini ya mlima Rogla, na sijawahi kuona mguu unaokubali mabuti manne. Haya ni mabuti ya plastiki, ya wale wanaoteleza thelujini kwa ubao mmoja na kuulaza kwenye kona mpaka kiwiko kinachora theluji. Hayana huruma. Moja litakubana kifundo, jingine litaacha kisigino kinacheza, la tatu utalitukana na aliyelitengeneza. Mtu asipolalamika hata kidogo, mimi huanza kuogopa.

Na huyu hakuwa mteja tu. Vinko alikuwa mwanaume wangu, mwaka wa pili ule. Fundi wa kiwanda cha mbao, umri hamsini na tatu, mabega kama mlango wa ghala. Jumamosi alikuwa na mbio za ubao za maveterani, na mabuti yake ya zamani yalikuwa yamepasuka ganda. Alikuwa amenitangazia mbele ya watu kwamba akimshinda Ludvik, rafiki yake na mpinzani wake wa miaka yote, basi Juni tunafunga ndoa.

"Na ukishindwa?" nilimuuliza siku hiyo.

"Nikishindwa tunafunga Mei, nipate wa kunifariji."

Ndivyo alivyokuwa. Mwepesi wa maneno.

"Tembea mpaka dirishani," nikamwambia. "Kunja magoti kama uko konani."

Akatembea, akakunja, akapiga mluzi. Mimi nikawa natafuta ufunguo wangu mdogo wa chuma, ule uliopinda kama herufi L, ambao dakika chache nyuma nilikuwa nao nikirekebisha mwinamo wa lile buti. Mfukoni haupo. Kwenye droo haupo.

"Umeuona ufunguo wangu?"

"Labda umeumeza. Siku hizi unakula sana."

"Mshenzi wewe. Kaa chini nikuvue."

Nikafungua vifungo, nikavuta mguu, nikaligeuza buti. Ufunguo ukaanguka sakafuni, ngwa!

Ulikuwa ndani. Chini ya unyayo wake. Chuma kirefu kama kidole changu cha kati, na alikuwa amesimama juu yake, ametembea nao, amekunja magoti na kupiga mluzi.

Tukatazamana. Mluzi ukakatika.

"Vinko. Hukuusikia?"

"Mimi mtu wa msituni, nyayo zangu gome tupu." Akacheka, lakini macho hayakucheka.

"Vua soksi."

"Ya nini?"

"Nataka kuona mguu."

"Umeuona mara ngapi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Tangu Oktoba sikuwa nimeuona. Alikuwa analala na soksi. Nilipomtania, alisema baridi. Nikaamini, maana majira ya baridi kweli yalikuwa yanaingia.

"Vua soksi, Vinko."

"Sivui soksi dukani kama mtoto wa chekechea. Niuzie hayo mabuti."

"Sikuuzii."

"Unasemaje?"

"Mguu ambao hauniambii ukweli siuvishi buti gumu. Sikuuzii hili wala lile."

Akasimama. Akavaa viatu vyake vya kazini akiwa amenipa mgongo. Mlangoni akageuka.

"Ataniuzia mwingine."

Kengele ya mlango ikalia, naye akaenda. Chakula hatukula.

* * *

Kesho yake, Ijumaa, saa nane mchana, ujumbe ukaingia.

"Nimeyapata Maribor. Saizi 26. Ganda gumu kuliko yote, ya mabingwa hasa. Usininunie mpenzi."

Nikausoma mara tatu. Mabuti haya hupimwa kwa sentimita, na mguu wa Vinko ni ishirini na saba na nusu. Saizi hiyo namvisha kijana wa mbio za kitaifa, tena anayelia machozi.

Nikamwandikia: "Hiyo saizi itakuua. Usiyavae. Nakuja kwako jioni."

Akajibu: "Jioni nalala mapema. Tuonane mlimani."

Nikapiga, hakupokea. Nikapiga tena, simu imezimwa.

Niwaambie ukweli, kichwani mwangu tayari alikuwepo mwanamke mwingine. Soksi, simu kuzimwa, uongo wa hapa na pale. Mwanaume akianza kuficha, sisi wanawake jibu la kwanza tunalijua. Nikampigia Tjaša, binti yake, mwalimu kule Velenje.

"Tjaša mwanangu, niambie bila kunizungusha. Baba yako ana mtu?"

Nikamsikia anafunga mlango.

"Tjaša?"

"Bora angekuwa na mtu, shangazi."

Nikakaa kwenye kiti cha kujaribia mabuti.

"Sema."

"Aliniapisha kwa kaburi la mama."

"Mama yako angetaka useme."

Nikamsikia anavuta pumzi, kisha yote yakamtoka kwa mkupuo.

"Ana kisukari. Mwaka wa tatu sasa. Miguu imekufa ganzi. Oktoba alitokwa na kidonda chini ya kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Daktari alimwambia asivae kitu chochote kinachobana, na mlimani asiende kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa namfunga bandeji, mpaka Krismasi akanifukuza, akasema kimepona."

"Kimepona?"

"Hajanionyesha."

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

Akajibu polepole:

"Unakumbuka sikukuu ya Mtakatifu Martin, mwaka ule mlioanza? Divai mpya, meza imejaa watu. Walikuuliza habari za mumeo marehemu, Stanko. Ukasema, 'Nimeuguza miaka sita. Mwanaume mwingine akiugua mikononi mwangu, nafunga mlango naondoka.' Watu wakacheka, shangazi. Baba hakucheka."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata glasi niliyokuwa nimeshika.

* * *

Jumamosi nilipanda mlima kabla ya saa mbili asubuhi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya misonobari, na spika ilikuwa inaita majina ya watu nisiowaona. Vinko alikuwa tayari amepanda juu na lifti ya kamba. Nikampigia, na safari hii akapokea. Nyuma yake nikasikia upepo.

"Vinko, usishuke. Tjaša ameniambia yote."

Upepo tu.

"Vinko!"

"Basi unajua."

"Vua hayo mabuti, urudi na lifti. Nakuomba."

"Unajua, na bado hujaondoka?"

"Niko chini hapa nakusubiri."

"Basi nisubiri dakika moja tu. Nikishafika, ufanye unavyotaka."

Akakata.

Wakatoka wawili kwenye ukungu, Ludvik kwenye milango ya buluu, zile bendera za kuzungukia, Vinko kwenye myekundu. Sijui niseme nini. Alikuwa mzuri. Ubao ulikuwa unakata barafu bila kuteleza, kona hadi kona, mkono unapapasa theluji kama mtu anayembembeleza mnyama. Watu wakapiga kelele. Mimi nilikuwa natazama mguu wa kushoto tu. Unafanya kazi yake yote, nikawaza, na hausemi chochote.

Alimshinda Ludvik kwa urefu wa ubao.

Akaja mpaka kwenye uzio, uso mwekundu, anahema, anatabasamu. "Umeona?"

Sikumjibu. Niliruka uzio, nikapiga magoti mbele yake kwenye theluji.

Ludvik akapasuka kwa kicheko. "Jamani! Zdenka anamchumbia! Njooni muone, mwanamke kapiga magoti!"

Makofi yakaanza. Mtu akapuliza filimbi. Mwingine akapaza sauti, "Kubali, Vinko, hutapata mwingine!"

Mimi nilikuwa nafungua vifungo. Kimoja. Cha pili. Cha tatu kilikuwa kimeshika barafu, nikakivunja kwa ngumi. Nikavuta buti, likagoma. Nikavuta tena, na mguu ukatoka kwa sauti ya mtu anayetoa guu kwenye tope.

Soksi ilikuwa nyeupe kifundoni. Kuanzia katikati kwenda vidoleni ilikuwa nyekundu nzima, na kwenye ncha ilikuwa nyeusi. Harufu ikaja. Theluji chini yake ikaanza kubadilika rangi.

Makofi yakafa, moja moja.

Vinko aliutazama ule mguu kama anatazama mguu wa mtu mwingine aliyepata ajali.

"Hauumi," akasema. "Zdenka, naapa, hauumi."

"Ndiyo," nikamwambia. "Ndiyo maana nalia."

Ludvik alikuwa ameshavua koti lake, anamfunika. Hakutania tena siku ile.

* * *

Walimkata vidole viwili, hospitali ya Celje, Jumatatu yake. Daktari mwanamke akaniita pembeni, akasema kidonda kile hakikuwahi kupona, kilikuwa kinakula ndani kwa ndani, na buti likakimalizia. Wiki moja zaidi, akasema, tungekuwa tunazungumza habari ya goti.

Nikaingia wodini. Vinko alikuwa ameelekea ukutani.

"Ulinidanganya miaka miwili," nikasema.

"Ulisema utaondoka."

"Ungeniuliza kama nilimaanisha."

"Ulimaanisha?"

Ningeweza kusema hapana, ilikuwa divai. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo.

"Nilimaanisha. Sita ni mingi, Vinko. Nilimwosha Stanko mpaka nikasahau kama aliwahi kunibusu."

Akafumba macho. "Basi nenda. Sikushiki."

Nikaenda.

Nilikaa siku kumi na moja bila kurudi. Nilifungua duka, nikafunga duka, nikala supu nimesimama jikoni kama farasi. Mteja akiniambia buti linamuuma, nilitaka kumkumbatia. Tjaša alinitumia ujumbe mmoja tu: "Hakuulizii. Ila kila mlango ukilia anageuza kichwa."

Siku ya kumi na mbili, saa ya kutembelea wagonjwa, nikasimama mlangoni. Kichwa kikageuka.

"Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja na swali moja. Ukidanganya, natoka na sirudi."

"Uliza."

"Unaumwa nini? Vyote. Nisije nikaambiwa na mwingine."

Nikashika kitasa cha mlango.

"Miguu siihisi kuanzia vifundoni," akasema. "Jicho la kushoto lina ukungu tangu Krismasi. Sindano zangu niliziruka wiki mbili kabla ya mbio, kwa sababu ulikuwa unalala kwangu na sikutaka uzione. Mkojo daktari anausemea mambo sijayaelewa. Na pale juu mlimani, uliponipigia..." Akavuta shuka. "Nilijua mguu una shida. Nilisikia harufu asubuhi nikivaa. Nikasema nishuke mara moja ya mwisho, unione nikiwa mzima, ndipo uende."

Nikakaa kitandani. Nilitaka kumzaba kofi, nikamshika sikio badala yake, nikalivuta kwa nguvu.

"Aa! Hilo linauma!"

"Vizuri. Nimefurahi kusikia."

Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, mwanaume mzima wa kiwanda cha mbao analia na sikio mkononi mwangu.

"Utakaa?" akauliza.

"Nitakaa leo. Kesho uniulize tena."

"Na kesho kutwa?"

"Naogopa, Vinko. Nikisema siogopi nitakuwa nimeanza kudanganya na mimi. Lakini afadhali niogope nikiwa hapa."

* * *

Tulifunga ndoa Juni, kwenye ukumbi wa manispaa, watu tisa. Ludvik alikuwa shahidi. Vinko alivaa suti na viatu vipana vya kitambaa, na akasimama mpaka mwisho wa viapo bila fimbo. Ubao aliuuza mwenyewe. Hakuniambia kwa nani, na sikuuliza. Siku ile aliporudi nyumbani mikono mitupu, alikaa barazani mpaka chakula kikapoa.

Sasa kila asubuhi, kabla ya kahawa, anakaa kwenye kiti cha jikoni na kunipa miguu. Naishika mmoja mmoja karibu na dirisha, natazama unyayo, kisigino, katikati ya vidole. Yeye ananitazama usoni, maana usoni kwangu ndipo anapohisi miguu yake siku hizi.

Jana theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka. Nilimaliza wa kushoto, nikashika wa kulia, ule mzima.

"Mbona umenyamaza?"

"Kuna alama nyekundu. Chini ya kidole gumba."

"Kubwa?"

"Kama dengu. Ina joto."

Nikangoja. Nje gari la kusukuma theluji lilipita, vyombo vikatetemeka kabatini.

"Piga simu Celje," akasema. "Waambie tunakuja sasa hivi. Mimi navaa koti."

"Kahawa?"

"Iache ipoe."

Barabara ilikuwa tayari nyeupe. Niliendesha kwa mkono mmoja. Ule mwingine aliushika yeye, akaufinya mpaka vidole vikaniuma, na sikumwambia auachie.