Skrini Iliyotazama Nje

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nane Februari, katikati ya mwezi wa Shaabani, wakati ambao Mji wa Kale hauishiwi na harusi kwa sababu kila mzazi ataka kuozesha kabla ya mfungo kuingia.

Kasyoka, bado msichana mdogo, alitoka shuleni Ganjoni kama siku zote, mkoba mgongoni na soksi zimeshuka. Alipita kando ya Ngome ya Yesu, akamwamkia mama muuza mihogo, kisha akaingia kichochoroni. Chumbani kwao hakukuwa na mtu wa kumfungulia. Mamake alikuwa amefariki mwaka juzi, na babake, Dishon, alikuwa akitia grisi mashine za bandarini, kazi inayomla mtu tangu alfajiri hadi magharibi na shukrani hapewi. Kwa hivyo alasiri zote Kasyoka alikaa dukani kwa Bi Mwanakuu, mwenye nyumba wao, akifanya kazi za shule.

Bi Mwanakuu alikuwa mpiga filamu za harusi, na kazi yake ilikuwa ya wanawake peke yao. Yeye ndiye aliyeitwa kwenye kupamba, usiku ule bibi harusi anapokalishwa jukwaani kichwa wazi, nywele zimejaa asumini, na wanawake wenzake huvua mabuibui wakacheza mpaka wachoke. Mwanamume haingii. Simu hukusanywa mlangoni kwenye kikapu. Filamu yenyewe huonwa na wanawake tu. Sheria hiyo haijaandikwa popote, na hakuna asiyeijua, hata Kasyoka ambaye kwao ni Ukambani na kanisani kwao hakuna kupamba.

Mezani pa Bi Mwanakuu palikuwa na skrini mbili. Ya tatu ilikuwa dirishani, mgongo ndani na uso nje, ikiwaonyesha wapita njia keki na majukwaa ya maua. Kompyuta moja iliziendesha zote tatu, na kila skrini ilijua kazi yake kwa sababu ya programu aliyoiweka Jefwa, fundi wa kompyuta. Ukiifungua programu hiyo, uliona skrini zimechorwa kama visanduku vitatu: moja, mbili, tatu. Juu ya kile cha tatu palikuwa na picha ya kufuli.

"Kufuli hii, mama," Jefwa alikuwa amemwambia siku ya kwanza, "ndiyo izuiayo cha ndani kisitoke nje. Ikifunguliwa, hata paka akikanyaga kibodi anaweza kukutupia filamu dirishani."

Jumanne hiyo Bi Mwanakuu alikuwa akikagua filamu ya kupambwa kwa Zulekha, binti wa kichochoro cha pili. Ilipoadhiniwa alasiri akainuka.

"Naenda kuswali, kisha nampelekea mamake Zulekha picha achague. Filamu naiacha ijichezee mpaka mwisho, nijue kama itakwama. Wewe tia komeo, usimfungulie mtu. Na kompyuta usiiguse. Umesikia?"

"Nimesikia, Bi Mwanakuu."

Alisikia kweli. Lakini sikio moja lilikuwa bado na maneno ya Terry, rafiki yake wa darasani. "Ule mchezo wa magari ukiucheza kwenye skrini mbili, unaona mpaka kona inayokuja," Terry alikuwa amesema wakati wa mapumziko. "Lakini wewe utathubutu wapi? Wewe ni mlinda komeo tu!" Wenzao wakacheka.

Kasyoka alifanya hesabu mbili, ya tatu akaiacha. Akavuta kiti. Akaifungua programu, akajaribu kuviunganisha visanduku viwili vya mezani viwe kimoja. Vikakataa. Akajaribu tena, vikakataa. Akakitazama kile cha tatu chenye kufuli. Akaibonyeza. Ikafunguka bila kelele yoyote.

Akajaribu tena kuviunganisha vile viwili, vikakubali; akafungua mchezo, na mara skrini mbili zikawa barabara moja pana, na gari jekundu linangoja katikati. Filamu ya Zulekha haikuonekana tena. "Imejificha nyuma ya mchezo," Kasyoka alijiambia. Akavaa hedfoni, akakanyaga mafuta.

Alipozivua baada ya mbio ya nne, kitu kilimtisha kabla hajajua ni kitu gani. Ulikuwa ukimya. Kichochoro kile hakinyamazi. Muuza kahawa hugonga vikombe, tuktuk hupiga honi kwenye kona, watoto hupigania mpira. Sasa hakukuwa na sauti hata moja, kama vile Mji wa Kale wote umemeza ulimi.

Aliinama, akachungulia kwenye upenyo chini ya skrini ya dirishani. Akaona miguu. Makubadhi, viatu vya ngozi, malapa, gurudumu la tuktuk lililosimama. Miguu mingi, yote ya wanaume, na vidole vyote vimeelekea dirishani.

"Kuna mtu amekufa," Kasyoka aliwaza. Akatoa komeo, akatoka. Hakuna aliyemtazama. Akageuka kuangalia walichokuwa wakikiangalia.

Alikuwa Zulekha. Zulekha ambaye wanaume wa mtaa ule walikuwa hawajawahi kuona hata ncha ya nywele zake, alikuwa pale dirishani, mkubwa kuliko mtu, kichwa wazi, mikono yenye michoro ya piko imeinuliwa, anazunguka na kucheka. Nyuma yake mamake mzazi alikuwa kichwa wazi pia, anapiga vigelegele visivyosikika.

Miguu ilimrudisha ndani yenyewe, akaushika waya wa ukutani akaung'oa. Nje sauti ya mtu ikasema, "Aah, wameizima!" Mwingine akacheka kidogo. Kisha vikombe vya kahawa vikaanza kugongwa tena.

Aliwasha kila kitu upya, akarudisha keki na maua dirishani, akaifunga kufuli. Lakini Mji wa Kale neno hutangulia kufika kabla ya aliyelisema. Haukupita muda, Bi Mwanakuu aliingia, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Kasyoka! Ni nini hiki nakisikia? Niambie si kweli!"

Kasyoka alifungua mdomo akitaka kusema kweli. Kilichotoka kilikuwa kingine.

"Stima ilipotea, taa zikazimika, kisha ikarudi. Iliporudi, skrini zikajipanga zenyewe."

Bi Mwanakuu alikaa chini sakafuni, kwenye vumbi, na buibui lake zuri. Akampigia Jefwa simu. "Umeniua, Jefwa! Umeniua mimi na mwana wa watu!"

"Mama, haiwezekani," sauti ya Jefwa ilisikika. "Kufuli ile haifunguki kwa stima."

"Basi ilifunguliwa na jini? Dukani alikuwemo mtoto na kitabu chake cha hesabu!"

Kasyoka aliinamisha uso. Kila neno lilimwingia kama mwiba wa samaki.

Jioni, Dishon alirudi na harufu yake ya grisi, akakuta habari imemtangulia. Alikula akinung'unika, kama ilivyokuwa desturi yake tangu afiwe na mkewe.

"Sasa watambebesha yule fundi lawama," alisema. "Mwenyekiti wa mtaa amekwisha sema kesho ataketi kuamua. Taa ya kichochoroni imekufa mwaka mzima, hajaketi. Karo la maji taka lilipofurika, hakuketi. Lakini kumnyang'anya mtu riziki yake, hapo kiti hupatikana mara moja. Mimi bandarini nilisimamishwa kazi mwezi mzima kwa mashine aliyoiharibu msimamizi. Mamako alikuwa mgonjwa wakati ule. Nilikosa hata nauli ya kumpeleka hospitali. Aliyekosa alijua, akanyamaza." Akaisukuma sahani. "Mbona huli, mwanangu?"

"Nimeshiba, baba." Hakuwa ametia kitu kinywani.

Kesho yake alasiri watu walikusanyika dukani kwa Bi Mwanakuu. Bwana Famau, mwenyekiti wa mtaa, alipewa kiti cha pekee chenye mikono. Wanaume wengine walisimama mlangoni. Dishon alikuwa ameomba ruhusa kazini akaja. Jefwa alisimama ukutani na mkoba wake wa vifaa, macho mekundu. Zulekha na mamake walikaa ndani, nyuma ya pazia. Tangu jana Zulekha alikuwa hajasema neno na mtu. Kwa rehema ya Mungu hakuna picha iliyokuwa imezunguka kwenye simu, lakini jambo lenyewe lilitosha kuwa msiba.

Bwana Famau alikohoa. "Hatuna haja ya maneno marefu. Fundi huyu hajui kazi. Kuanzia leo asikanyage vichochoro hivi. Kila mwenye duka ajitafutie mwingine."

"Mzee wangu," Jefwa alisema taratibu, "maduka haya ndiyo yanayowalisha wanangu. Mimi niliifunga kufuli. Nawaapia."

"Nyamaza! Wazee wakisema, kijana husikiliza."

Kasyoka alimtazama babake, akaiona ile sura ya siku alizosimamishwa kazi, akikaa kitandani mchana kutwa akitazama ukuta. Akajikuta amesimama katikati ya duka.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Nilitaka kucheza mchezo wa magari. Nikaifungua kufuli. Stima haikupotea. Nilidanganya."

Dishon alishika kichwa kwa mikono miwili. Bi Mwanakuu alitazama mtoto yule aliyekula chakula chake miaka miwili kama vile anamwona leo.

"Wewe?" alisema. "Wewe niliyekuachia komeo?"

"Ndiyo, Bi Mwanakuu."

"Na jana nikimtukana Jefwa kwenye simu, ulikuwa umekaa hapa wasikia?"

"Ndiyo." Sasa machozi yalimtoka.

Bi Mwanakuu alivuta pumzi mara mbili. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa chini, na kila mtu alisikia.

"Njoo hapa, mwanangu. Nisikilize vizuri. Kidole kikibonyeza pasipostahili, ni utoto na ukaidi, na nitakuadhibu kwa hilo. Hutaigusa kompyuta yangu mpaka shule ifungwe, na kila siku utafagia duka hili. Lakini uongo ni jambo jingine. Kufuli uliifungua kwa kidole kimoja. Uongo wako ulikuwa unamfungia mtu mzima mlango wa riziki, yeye na wanawe, nao hata hukuwaona. Kosa likiungamwa mapema hutengenezeka. Likifichwa, hutafuta mtu mwingine wa kumla. Mwombe Jefwa msamaha."

Kasyoka aliomba. Jefwa alipiga magoti mbele yake. "Nimekusamehe, dada. Umenitoa kaburini. Ungekaa kimya, nani angeniamini?" Bi Mwanakuu naye akamwomba Jefwa radhi mbele ya wote, bila kigugumizi. Walikubaliana programu itiwe neno la siri, kufuli isifunguke kwa mtu asiyelijua.

Kisha Kasyoka akalisogelea pazia. "Dada Zulekha, nisamehe."

Mkono wenye piko ukatokeza, ukamshika mkono Kasyoka, ukaubana, ukarudi ndani.

Hapo jambo lingekuwa limekwisha. Lakini Bwana Famau aliona watu wamesameheana bila yeye kuambiwa ahsante, akataka neno la mwisho liwe lake. Alisimama, akanyoosha kanzu.

"Haya, tumesamehe. Lakini aibu haikuwa ndogo! Binti yetu kwanza yumo katika gauni la kijani, azunguka, azunguka. Baadaye ameingia na la dhahabu, mara mamake naye apanda jukwaani na leso yake..."

Alinyamaza ghafla, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Wanaume walioko mlangoni wakaanza kutazama chini. Bi Mwanakuu alikuwa ameipiga filamu ile kwa mikono yake mwenyewe, na alijua kwamba baina ya gauni la kijani na la dhahabu mtu angeweza kuchagua mchele, kuutia jikoni, na wali ukaiva.

Ndipo nyuma ya pazia ikatoka sauti ya Zulekha, kwa mara ya kwanza tangu jana, nyororo, bila hasira, mfano wa mtu anayetaka kujua tu.

"Bwana Famau, wewe ndiwe mkubwa wetu, na mlango ulikuwa hapo kando ya dirisha. Muda wote huo mliosimama, mbona hakuna hata mmoja wenu aliyebisha hodi?"