Nilimfanya Mjomba Wangu Mfano Hai

Nina umri wa miaka sabini na tisa. Mguu wa kushoto umeanza kunigomea, macho yanaona kwa shida, lakini kumbukumbu... kumbukumbu imekataa kuzeeka! Naishi peke yangu katika chumba kimoja mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Jirani kuna shule, na kila nikisikia watoto wakiitikia somo kwa sauti moja, mwili hunisisimka.

Wasomaji wenzangu, siku moja mkufunzi wangu aliniagiza nitafute mfano hai wa mnyonyaji, mtu ninayemfahamu, wa mtaani kwangu. Ningeweza kusema simjui mtu kama huyo. Ningeweza kumtunga. Wenzangu wengi walitunga! Mimi nilikubali, tena kwa haraka, nikamchagua mtu aliyenilea.

Hakuna aliyenilazimisha. Nilichagua mwenyewe.

Baba sikumjua, na mama yangu alifariki nikiwa mdogo, huko kwetu Nachingwea. Kaka yake, Mjomba Bakari, alinifuata akanileta Dar es Salaam. Alikuwa na kiduka nyuma ya soko la Kariakoo, duka la sabuni, viberiti, chumvi, na sukari ilipopatikana. Alinisomesha mpaka kidato cha nne, kisha nikaenda chuo cha ualimu. Mimi nilimwita mjomba, naye aliniita mjomba vilevile, kama ilivyo desturi. Watu waliokuwa wakisikia tukiitana walicheka, maana hawakujua nani mkubwa!

Alikuwa na binti mmoja, Zaituni. Kwetu sisi kumwoa mtoto wa mjomba ni heshima. Wazee walikwisha kukubaliana, na Zaituni mwenyewe alinipenda. Kulikuwa na nini zaidi cha kutaka?

Lakini nilitaka. Ndiyo, nilitaka!

Nilikuwa nafundisha somo la Siasa shule ya msingi. Miaka ile ya Ujamaa Siasa lilikuwa somo kubwa. Tulifundisha usawa, kujitegemea, tabia njema ya raia, na tuliwafundisha watoto kumtambua kupe, yaani mtu anayeishi kwa kunyonya jasho la wenzake. Nililipenda somo hilo kwa moyo wangu wote. Hata leo sisemi lilikuwa somo baya. Mbaya nilikuwa mimi.

Ndipo yakatangazwa mafunzo ya juu kwa walimu wa Siasa. Yalikuwa mafunzo ya watu wenye shahada tayari, lakini walimu wachache wa uzoefu tuliruhusiwa. Nilipoingia darasani nilijiona mdogo kama sisimizi. Wenzangu walizungumza maneno mazito, walibishana na mkufunzi bila woga. Mimi nilikuwa nanukuu tu, jasho likinitiririka mgongoni. Mmoja wao alizoea kuniuliza mbele ya watu, "Vipi, Kidato cha Nne, umeelewa au tukutafsirie?"

Mkufunzi alituambia kwamba watakaofanya vizuri watabakizwa chuoni kuwafundisha walimu wengine. Tangu siku ile nilikosa usingizi. Mimi, mtoto yatima wa Nachingwea, niitwe mkufunzi!

Mjomba alifurahi kuliko mimi. Kila mteja alikuwa akiambiwa, "Mjomba wangu anasomea kufundisha walimu. Mwalimu wa walimu, unasikia?" Hata aliyekuja kununua kiberiti hakutoka bila kuisikia habari hiyo.

Sasa, kuna mambo mawili lazima niyaeleze.

La kwanza ni sukari. Sukari ilikuwa ya mgao, na mtu akifiwa ghafla hakuwa na cha kuwapa waombolezaji. Kwa hiyo akina mama wa mtaa wetu walipanga kwamba kila nyumba ikipata mgao, itoe kikombe kimoja kwa ajili ya misiba. Waislamu kwa Wakristo. Akiba hiyo aliitunza Mjomba, kwenye gunia chini ya kitanda chake, maana dukani kulikuwa na panya. Balozi wetu wa nyumba kumi ndiye aliyeukubali utaratibu huo, kabla hajahamia mikoani. Mjomba hakuuza hata kijiko cha sukari ile. Mteja akija siku ambayo mgao haujafika, alijibiwa, "Sukari hakuna," na kweli ya kuuza haikuwapo.

Mimi niliyajua yote hayo. Nasema wazi, niliyajua!

La pili ni utani. Sisi ni Wamwera, na Wangoni ni watani wetu. Pale mtaani alikuwapo Mzee Komba, Mngoni, fundi baiskeli wa Gerezani. Kila asubuhi akipita alisimama mbele ya duka na kupaza sauti mtaa mzima usikie.

"Mmwera mla panya wewe! Panya umewamaliza, sasa unatunyonya sisi! Kupe mkubwa!"

Mjomba naye hakukubali kushindwa. "Pita zako, Mngoni! Babu zako walikuja kwetu na mikuki, wakarudi na njaa!"

"Siku ukifa nitalala kaburini mwako, sitoki mpaka wanipe sukari!"

"Utalala sana, basi!"

Wote walicheka mpaka machozi. Kisha Komba aliingia ndani, wakanywa kahawa pamoja. Watoto wa mtaa waliokota neno hilo, wakawa wanamwita Mjomba "Mzee Kupe", naye aliwagawia ubuyu. Hivyo ndivyo utani ulivyo. Mtani anakutukana kwa sababu anakupenda, na siku ya msiba wako yeye ndiye anayeachiwa kusema asichoweza kusema mwingine.

Nikaandaa somo la mfano hai nililoagizwa. Kwenye andalio nilimweleza mwenye duka anayewajibu watu "sukari hakuna" huku usiku analala juu ya gunia la sukari. Kila neno lilikuwa kweli! Nilichoacha ni sentensi moja tu, ile ya kusema sukari ni ya nani. Niliiandika, nikaisoma, nikaona inaharibu mfano... nikaifuta.

Je, uongo ni kusema lisilokuwapo tu?

Siku ya jaribio tulipelekwa kufundisha katika shule moja ya Kariakoo. Mkufunzi alikaa nyuma, pamoja na wenzangu na mgeni mmoja aliyevaa suti ya mikono mifupi. Mgeni huyo hakutambulishwa. Alikuwa mpole, na sijui kwa nini macho yangu yaliendelea kumrudia.

Somo lilikwenda vizuri ajabu. Nilisahau kidato changu, nilisahau shahada zao. Nilipofika kwenye mfano wangu watoto walikuwa wakinisikiliza kwa makini. Sikutaja jina. Naapa sikutaja jina! Niliuliza tu, kama tulivyofundishwa kuuliza, "Je, mnamjua kupe wa namna hii?"

Darasa zima likaitikia kwa sauti moja, kwa furaha.

"Mzee Kupeee!"

 Watoto walikuwa wakicheka, kwao ulikuwa mchezo. Mgeni aliinua kichwa. Mkufunzi akaniuliza kutoka nyuma, "Mwalimu, mfano huu ni hai? Hata majirani wanamwita hivyo?"

Ningejibu neno moja tu. Utani! Ningesema, "Hapana, huo ni utani wa Mngoni na Mmwera." Lakini wenzangu wote walikuwa wakinitazama, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuwa akinicheka.

Nikajibu, "Ndiyo. Ni mfano hai."

Wakapiga makofi.

Tulipotoka, mgeni alinishika mkono, akanipongeza, kisha akaniuliza taratibu duka hilo liko upande gani wa soko. Aliuliza kama mtu anayeulizia njia ya kwenda Feri kununua samaki. Nikamwelekeza.

Siku zilizofuata sikuwa na raha. Zaituni alinisimulia kwamba kuna mwanamume asiyemfahamu anakuja kila siku kununua kiberiti kimoja, anasimama kidogo, anatazama ndani, anaondoka. Alisema, "Kaka Athumani, mtu gani anamaliza kiberiti kwa siku moja?" Nilicheka. Nikamwambia labda anavuta sana sigara. 

Je, nilimwonya Mjomba? Hapana! Nilijiambia kwamba hakuna litakalotokea. Nilijiambia hivyo kila asubuhi.

Askari wakaja asubuhi, watu wameshajaa barabarani. Hawakupekua duka. Walipita moja kwa moja mpaka chumbani, wakainua kitanda, wakatoa gunia. Akina mama walipiga kelele kwamba sukari ile ni ya misiba, lakini walisukumwa kando. Mzee Komba alikimbia kutoka Gerezani na mikono ina grisi, akapiga magoti, akisema yeye ndiye aliyemwita kupe, na ulikuwa utani. Walimjibu kwamba mambo ya kikabila yamepitwa na wakati. Mjomba akachukuliwa na kanzu yake ya dukani, bila hata viatu.

Mimi nilikuwa chuoni. Zaituni alinifuata huko akilia. Alinipa ujumbe wa baba yake, na maneno yake nayakumbuka yalivyo: "Mwambie mjomba aje. Yeye anajua lugha ya wakubwa, atanisemea."

Wasomaji, mnasikia? Atanisemea!

Nilimwambia Zaituni nitakwenda kesho. Kesho ilipofika nikasema kesho kutwa. Nilijua nikienda kusema kweli, nitalazimika kusema pia kwamba somo langu lilikuwa la hila, na nafasi yangu itakuwa imekwisha. Matokeo yalikuwa karibu kutoka. Nikasubiri. Mjomba naye alikuwa anasubiri, huko mahabusu, kwenye sakafu ya saruji, na kifua chake ambacho siku zote kilikuwa kibovu.

Matokeo yalitoka. Nilishika nafasi ya kwanza. Yule aliyekuwa akiniita Kidato cha Nne alinipa mkono na kuniita mkufunzi.

Mjomba aliachiwa baadaye bila kushtakiwa, kwani akina mama hawakuchoka kwenda kueleza. Gunia halikurudi. Na aliyerudi hakuwa Mjomba niliyemjua, alikuwa mifupa inayokohoa.

Nilikwenda kumwona. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, lakini sikupata nafasi ya kuyasema. Alinitazama, akasema polepole, "Mjomba, kule walinisomea maneno juu yangu. Yalikuwa yamepangwa vizuri, kama ya mwalimu." Akakohoa. Akapumzika. "Hivi huko chuoni hawakuwafundisha utani?"

 Zaituni alikuwa mlangoni ameshika kikombe cha maji. Alisikia. Nilimwona jinsi uso wake ulivyobadilika, kama mtu anayefunga dirisha.

Mjomba alifariki siku chache baadaye.

Msiba wake ulijaza mtaa. Na sukari haikuwapo! Mtu aliyewatunzia watu wote sukari ya misiba, msiba wake ulinywewa chai isiyo na sukari. Waombolezaji walikunywa, na kila kikombe kilichopita mbele yangu kilinishtaki.

Makaburini watu walifungua njia ili Mzee Komba apite. Walimngoja afanye utani wake, alale kaburini, adai sukari yake kama alivyoahidi. Alisimama ukingoni, akatazama chini. Kisha akageuka na kunitafuta kwa macho; Zaituni alikuwa amekwisha kumweleza.

"Nimemtukana mtu huyu miaka yote," alisema, "na hakuumia hata siku moja. Wewe ulimsema mara moja tu, kwa Kiswahili safi."

Akaokota koleo, akaanza kufukia. Hakuna aliyetaniwa siku ile.

Zaituni alikataa kuolewa nami. Hakunitukana, hakunifokea. Alirudi Nachingwea, na mara ya mwisho nilipopata habari zake nilisikia ameolewa huko na ana watoto. Mimi nilifundisha walimu kwa miaka mingi. Niliwafundisha uadilifu! Kila mara mwanafunzi aliponiomba mfano hai, nilifuta ubao ambao hata haukuwa na maandishi. Sikuoa. Nani angenipa binti yake, wakati mtaa mzima unajua?

Ndugu zangu walimu, na ninyi vijana mnaosomea kuwaelekeza wenzenu mema na mabaya, nawasihi! Msichukue maisha ya mtu aliyewaamini mkayafanya somo la kujipatia sifa. Mkiona kuna sentensi inayoharibu mfano wenu mzuri, iacheni hapohapo, isomeni kwa sauti. Na mkigundua mmekosea, nendeni siku ileile. Msiseme kesho kama nilivyosema mimi.

Nyumba ya Mjomba ilibomolewa zamani, siku hizi pale pana maduka ya ghorofa. Napita mara mojamoja. Hakuna anayenisimamisha na kunitania, wala sina ninayeweza kumtania.

Nilitaka kuitwa mkufunzi, na niliitwa. Jina hilo lilimuua mjomba wangu, likaniondolea Zaituni, na tangu siku ile tuliyomzika, mtu yeyote anayenijua hajawahi tena kuniita mjomba.