Korongo Hujaa Jua Likiwaka

Alvina Antone alikuwa na ugonjwa wa figo. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, binti yake Delphine alimpeleka kliniki mjini kwa pikapu. Huko mashine ilimsafisha damu kwa saa nne. Zamu yake ilianza saa nane mchana.

Kati ya kijiji na mji kulikuwa na korongo la mchanga. Barabara ilikatiza humo. Daraja halikuwepo. Kwa miezi mingi korongo lilikuwa kavu, lakini Julai mvua za radi zilianza.

Alhamisi moja walikuta maji ya kahawia yakienda kasi. Juu yao jua lilikuwa kali.

"Mvua haijanyesha hapa. Haya yametoka wapi?" Delphine alishangaa.

"Pita tu," alisema Alvina. "Si ya magotini haya?"

Delphine aliingiza magurudumu ya mbele. Gari likaanza kusukumwa kando. Alirudi nyuma haraka.

Siku hiyo Alvina alikosa matibabu. Jumamosi maji yalijaa tena, akakosa. Jumapili asubuhi miguu ilikuwa imevimba, na pumzi ilimbana. Maji yalikuwa yamepungua, ambulensi ikapita kumchukua. Alinusurika.

"Haitatokea tena," Delphine alisema.

Jumatatu alimwendea Leander Manuel, fundi wa barabara. Kila asubuhi Leander alisoma kipimamvua uani kwake na kuwapelekea watabiri wa hali ya hewa namba.

"Leander, nifundishe hizo mvua zako."

"Zangu? Zingekuwa zangu ningezipangia zamu!" Leander alicheka, kisha akaonyesha milima. "Mvua inanyesha kule. Maji yanafika kwetu baadaye, hata kama hapa ni pakavu. Tazama mawingu asubuhi. Yakirundikana juu ya milima kabla ya saa nne, mchana tegemea radi. Redio ikisema hewa ina unyevu mwingi, jihadhari zaidi. Na maji yakiwa yanakwenda, usiingie. Ya magotini yanabeba gari."

"Kwa hiyo mama akose matibabu?"

"Badilisha saa. Mvua hizi hupenda mchana. Wewe pita asubuhi."

Siku za matibabu Delphine alianza kuvuka na mama yake asubuhi, wakasubiri zamu mjini na kurudi maji yakipungua. Alinunua pia daftari. Kila siku aliandika mawingu yalianza lini, mvua ilinyesha lini, na maji yalifika lini.

Kliniki walimwambia zamu ya alfajiri imejaa. Alirudi kesho yake. Alirudi tena na daftari.

"Dada, tazama," alimwambia muuguzi. "Siku kumi na mbili. Korongo limejaa mara nane. Mara saba ilikuwa baada ya saa sita mchana."

Muuguzi alisoma ukurasa mzima. Wiki iliyofuata Alvina alipewa zamu ya saa kumi na moja alfajiri. Saa nne asubuhi alikuwa nyumbani.

Mara mbili Delphine alitabiri mvua, isinyeshe. "Mtabiri wetu!" Alvina alimtania. Delphine aliendelea kuandika. Mpaka mvua zilipokwisha, Alvina hakukosa tena matibabu.

Siku moja tu ilikuwa ngumu. Mashine iliharibika, wakachelewa mpaka saa saba mchana. Milima ilikuwa myeusi. Walipofika korongoni, mchanga ulikuwa mkavu. Delphine alimpigia simu Rosilda, shemeji yake Leander, aliyeishi upande wa milimani.

"Usivuke!" Rosilda alisema. "Yamepita hapa sasa hivi, na magogo!"

Lori lilisimama nyuma yao. Dereva akapiga honi. "Mama, ondoeni gari! Hamwoni pakavu?"

Alvina alishuka polepole, akasimama katikati ya barabara. "Kama una haraka, nikanyage kwanza."

"Mama, una wazimu?"

"Ninao. Dada anayeishi huko juu ametuambia maji yanakuja. Subiri."

Dereva alizima injini huku akinung'unika. Baada ya dakika kumi walisikia mngurumo. Ukuta wa maji ulifika ukiviringisha matawi na mawe, ukafunika barabara yote.

Dereva alivua kofia. Kisha akatoa simu mfukoni.

"Mama, samahani," alisema. "Huyo dada wa huko juu, namba yake ni ngapi?"