Jiwe Juu ya Kitufe

Haya hayakunipata mimi, yalimpata rafiki yangu, muuguzi wa mapokezi, na siongezi chumvi. Hospitalini kwao kompyuta ndiyo iliyokuwa ikipanga mgonjwa gani aonwe kwanza, ila kila uamuzi ilibidi muuguzi ausome, kisha abonyeze kitufe cha kukubali. Ukikubali, inalia: tik. Mwenzangu alichoka kusoma. Akaokota kijiwe, akakiweka juu ya kitufe, maamuzi yakawa yanakubaliwa yenyewe huku yeye anakunywa chai.

Siku moja bibi mmoja aliyejishika kifua akamuuliza, "Mwanangu, zamu yangu bado?"

"Subiri, bibi, mashine itakuita."

Mashine ilikuwa imemweka wa mwisho. Alifia pale pale kwenye benchi. Wakubwa wakasema mashine imekosea, wakaing'oa, wakaipeleka wanakojua wao. Mwenzangu hakufungua mdomo. Kijiwe alikitupa kwenye shimo la choo.

Juzi mchana alirudi kwenye kile chumba cha mapokezi kuchukua sweta aliyoisahau. Umeme ulikuwa umekatika na chumba hakina dirisha, giza totoro. Akasikia: tik. Kimya. Tik. Akapapasa mezani, pale ilipokuwa kompyuta. Meza ilikuwa tupu. Mkono ukagusa kitu kimoja tu, kile kijiwe, anakijua kwa ufa wake.

Aliponisimulia hakuniangalia usoni. Alisema kilikuwa na joto, kama kimetoka sasa hivi kwenye kiganja cha mtu.